Naomba ushauri: kumpeleka mama Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam

Ndugu zangu, naomba ushauri wa aliyewahi kufika katika nyumba hii, ambamo Anne, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara maarufu, na wenzake saba walijificha kuwakwepa Wanazi hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Nitasafiri na mama yangu, anayesumbuliwa na magoti, pamoja na binti yangu wa miaka 11, ambaye tangu asikie kwamba ukutani bado ipo mistari ya penseli iliyoonyesha jinsi Anne na dada yake walivyokuwa wakirefuka humo mafichoni, hana hadithi nyingine. Ngazi zilizo nyuma ya kabati la vitabu lililoficha mlango wa maficho hayo ni nyembamba na zimesimama mno. Je, mama ataziweza akipanda taratibu, au nisimtese? Tiketi huuzwa mtandaoni tu, tena huisha upesi, hivyo sina budi kuamua mapema. Na mtoto wa umri huo mlimwandaaje?