Nimepigwa: fimbo ya gofu ya mazoezi yenye bawaba imeniharibia suingi, na wauzaji wamenibloku

Wakuu salama? Nina hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Nimevumilia miezi minne, nimeandika meseji za kistaarabu, nimetuma picha, nimetuma video, na juzi ndio nikakuta wamenibloku. Sasa acha niyamwage yote hapa ili yeyote anayetaka kununua hii fimbo ya mazoezi yenye bawaba asome kwanza kabla hajatuma hela yake.

Kwa ambao hawajaiona, ukiitazama kwa mbali ni fimbo ya gofu ya kawaida, ina gripu, ina kichwa cha ayani 7 (fimbo ya chuma ya mapigo ya umbali wa kati), ila kwenye mpini wameukata wakafunga bawaba. Maelezo yao ni kwamba ukisuingi (yaani ukiizungusha fimbo kupiga mpira) kwa pupa au ukiitoa fimbo nje ya njia yake bawaba inakunjika hapohapo, ukisuingi vizuri inabaki imenyooka. Wazo lenyewe sio jipya na wala sio baya, kuna watu wazima kwenye huu mchezo wanazitumia fimbo za aina hii kujifunza kuanza suingi taratibu, na kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba hawa wameuza kitu kinachofundisha jambo moja wakadai kinafundisha jambo lingine kabisa, halafu kikaharibika mkononi mwangu, halafu wakanigeuzia kibao mimi.

Shida yangu ni slaisi. Mnaoijua mnajua inavyokera, umesimama vizuri, umelenga, mpira unaondoka kabisa kuelekea bendera halafu angani unakata kona kulia unaishia kwenye miti (mimi natumia mkono wa kulia). Tangazo lao linasema wazi kabisa, siku 14 slaisi kwisha. Na kwenye video yao jamaa anapiga mipira kwa hiyohiyo fimbo, mipira halisi, mmoja baada ya mwingine, yote inanyooka. Kumbukeni hiyo video, nitairudia.

Basi nikaanza. Kila jioni nusu saa, suingi tupu bila mpira, baadaye na mpira kama kipeperushi kilivyoelekeza. Siku za mwanzo bawaba ilikuwa inakunjika karibu kila mara, klak, kichwa kinaning'inia, unanyoosha unaanza upya. Kufikia wiki ya tatu ilikuwa haikunjiki tena na mimi nikaona kweli nimefika. Nikaenda uwanja wa mazoezi na fimbo zote mbili, hii yao na ayani 7 yangu. Nilisuingi hii yao mara 20, bawaba ikakunjika mara 3 tu. Hapohapo, bila hata kupumzika, nikachukua ya kwangu nikapiga mipira 20, na mipira 13 ikaenda kulia. Tena kulia kuliko zamani. Na ile iliyonyooka ilikuwa haina nguvu, inadondoka mapema, umbali niliokuwa napata kabla sijanunua hiki kitu haupo tena.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kwelikweli maana mashine inaniambia niko sawa na mpira unaniambia sina kitu. Ndio nikaanza kukaa chini kufikiria hiki kitu kinapima nini hasa.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndio kiini cha uzi wangu. Slaisi inatokana na uso wa fimbo (upande wa kichwa unaogusa mpira) kuwa wazi, yaani kwangu mimi umegeukia kulia, ukilinganisha na njia ambayo fimbo inapita wakati inagusa mpira. Uso ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanzie wapi, na tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoukunja angani. Na fimbo na mpira vinagusana kwa muda wa karibu nusu ya milisekunde tu. Nusu ya milisekunde! Yaani kila kitu kuhusu slaisi yako kinaamuliwa pale. Haya, bawaba inakunjika lini? Inakunjika ukiianza suingi kwa kuivuta kwa nguvu, au kule juu unapogeuza kuja chini ukiwa na haraka. Ukishaanza kushuka, kichwa kinaongeza spidi, na ile spidi yenyewe inakivuta kichwa kwenda nje, kama ndoo ya maji ukiizungusha kwa kamba, kamba lazima ikaze. Bawaba inanyooshwa na mwendo wenyewe. Maana yake pale kwenye mpira, pale ambapo slaisi inazaliwa, hiyo bawaba iko kimya na itaendelea kuwa kimya hata uso uwe umefunguka kama mlango.

Sikuishia kufikiria tu, nilijaribu. Nilisuingi taratibu vizuri, nikafika juu, nikashuka, na karibu na mpira nikakikunja kifundo cha mkono makusudi ili uso ufunguke, nikafanya hivyo mara 10. Bawaba haikukunjika hata mara moja. Mipira yote 10 ikaenda kulia, miwili ikavuka wavu wa pembeni. Video ya hili jaribio niliwatumia. Jibu lao, nanukuu kama lilivyo, "endelea na mazoezi matokeo yanatofautiana kati ya mtu na mtu". Nimekueleza kifaa chako hakioni kosa ambalo umeniuzia kikatibu, unanijibu matokeo yanatofautiana?

Na kile nilichojifunza kwa wiki tatu sasa ndio naking'amua. Nilijifunza kuifurahisha bawaba. Ili isikunjike nilikuwa naenda polepole, nabana mikono, kiuno hakizunguki, na kwa sababu kitu chenyewe ni kizito mwili ukakubali haraka kwamba huu ndio mwendo. Niliipima kwenye mizani ya jikoni, ayani 7 yangu gramu 425, hii yao gramu 610. Karibu gramu 200 zaidi, na sehemu kubwa ya huo uzito umekaa pale kwenye bawaba, sio kichwani, kwa hiyo hata hisia ya kichwa cha fimbo kiko wapi inapotea. Hakuna mahali popote kwenye tangazo wala kwenye kipeperushi walipoandika uzito. Ningejua ningeuliza maswali.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma zaidi ya yote. Kipeperushi chao ukurasa wa nyuma kinasema ibebe kwenye begi lako na usuingi nayo mara mbili tatu kati ya shimo na shimo ili kuikumbusha misuli. Mimi nikaamini. Shindano la wikendi, la mapigo (mwenye mapigo machache ndiye mshindi), niko kwenye raundi nzuri kuliko zote za mwaka huu, tunasubiri kundi la mbele kwenye shimo la 11, natoa kitu changu nasuingi mara mbili. Tuliyekuwa tunaandikiana kadi akaniuliza kwa upole, kaka hiyo ni nini? Tukamuita mwamuzi. Kanuni ya 4.3 ya gofu, hizi zinazotungwa na vyombo vinavyosimamia gofu, R&A na USGA, inakataza kutumia kifaa chochote cha mazoezi ya suingi wakati wa raundi, hata kama ni suingi tupu ya mazoezi, hata ukisubiri. Kosa la kwanza ni mapigo mawili ya adhabu, ukirudia unaondolewa kabisa mashindanoni. Nilikula mapigo mawili, na nilimaliza pigo moja nyuma ya mshindi. Pigo moja wakuu.

Najua kuna mtu atasema kanuni ulitakiwa uzijue mwenyewe. Ni kweli, na adhabu niliikubali palepale bila ubishi, kadi nikasaini. Lakini mtu anayetengeneza kifaa cha gofu na kuwauzia wachezaji wa gofu anaandikaje kwenye karatasi yake maelekezo ambayo ni adhabu? Ni mchezaji mgeni kiasi gani anaifungua ile karatasi leo na kufanya hivyohivyo kesho?

Tuje kwenye ubovu wa kitu chenyewe. Bawaba imeshikiliwa na pini moja tu na skrubu ndogo ya kukazia, ile ya tundu la pembe sita. Mwezi wa pili nilianza kuona vumbi la kijivu kwenye glovu kila nikimaliza. Nikafuta nikidhani ni uchafu, kesho yake lipo tena. Nikaifungua. Tundu la pini lililokuwa duara limekuwa kama yai, chuma cha pini kigumu kinaila ile aluminiamu laini waliyotengenezea masikio ya bawaba, na huo unga ndio vumbi lenyewe. Nikakaza skrubu robo mzunguko kama karatasi inavyosema, ikakaa siku mbili. Nikakaza tena, ikafika mwisho. Sasa hivi ukiinyanyua juu tu bila kusuingi, umesimama kama sanamu, inakunjika yenyewe. Ukiishika sambamba na ardhi kichwa kinacheza kushoto kulia, nimepima ni milimita 3. Kifaa ambacho kazi yake yote ni kukuambia ukweli kuhusu suingi yako kimeanza kukuambia uongo baada ya wiki nane, na mtu ambaye hakuifungua ataendelea kujirekebisha kosa ambalo hana.

Nikaomba wabadilishe au warudishe hela. Mtu wa kwanza akaniomba video ya suingi, nikatuma, akasema tatizo ninasuingi kwa pupa. Nikamtumia picha ya tundu. Kimya siku tisa. Mtu wa pili akaja akasema waranti haifanyi kazi kwa sababu nimepigia mipira halisi, na hiyo fimbo ni ya suingi tupu au mipira laini ya povu. Jamani! Ile video yao! Mipira halisi mwanzo mpaka mwisho! Na kipeperushi kimeandika wiki ya pili anza na mpira. Nikawapigia picha ya ule ukurasa nikawatumia. Mtu wa tatu akasema hata hivyo siku 30 za kurudisha zimepita, na kumbe wao wanahesabu kuanzia siku uliyolipa, mzigo wenyewe ulinifikia siku ya 19. Nilibakiwa na siku 11 za kukijua kitu ambacho wao wenyewe wanasema kinahitaji 14. Nilipowaandikia hiyo hesabu ndipo nikablokiwa.

Na hizo siku 14 zenyewe. Nick Faldo, yule mchezaji gofu wa Uingereza, alikuwa tayari bingwa Ulaya alipoamua kuibomoa suingi yake na kuijenga upya na kocha David Leadbetter katikati ya miaka ya 80. Ilimchukua karibu miaka miwili, katikati hapo akashuka kiwango mpaka watu wakamkatia tamaa, ndipo 1987 akachukua Open, lile shindano kubwa la Uingereza, kule Muirfield, na raundi ya mwisho alimaliza kila shimo kati ya yote 18 kwa mapigo yaleyale yaliyopangwa, hakupungua hakuongeza. Yule ni mtu anayepiga mipira kutwa nzima na kocha pembeni. Anayemuahidi mtu mwenye kazi na familia kwamba wiki mbili zinatosha anajua anachofanya.

Sasa hivi nimeanza upya na kocha. Siku ya kwanza tu alichukua poda ya miguu ya kupuliza akapulizia uso wa ayani yangu, nikapiga mipira sita, akanionyesha madoa. Yote yako upande wa kisigino, karibu na shingo ya fimbo, na uso uko wazi. Ndani ya dakika kumi nimeona kitu ambacho miezi minne sikukiona. Akapanga tii mbili (vile vijiti vya kuwekea mpira) chini kama geti, upana unazidi kichwa cha fimbo kidogo tu, akaniambia pita hapo katikati. Taulo kwapani ili mkono usiachane na kifua. Gripu, yaani ninavyoshika fimbo, tumeigeuza kidogo, mkono wa kushoto uingie zaidi juu ya fimbo. Madoa yameanza kusogea katikati, ila spidi bado haijarudi na kocha anasema ule mwendo wa kubana nilioufanyia mazoezi kila jioni ndio unaochelewesha, mwili umeukariri.

Nachotaka kutoka kwao ni vitu vitatu na sirudi nyuma: hela yangu irudi, lile tangazo la slaisi litoke, na ule ukurasa wa nyuma wa kipeperushi ufutwe kabla hawajamtia mwingine adhabu.

NYONGEZA: Naona wengi mnaniuliza inbox ni kampuni gani. Siwataji hapa kwa sasa, kuna mtu ananisaidia kuandika malalamiko rasmi na kaniambia nisubiri. Ila kama una fimbo yenye bawaba ya aina yoyote, fungua hiyo skrubu, toa pini, piga picha ya tundu kwa karibu na uweke hapa chini pamoja na muda uliyoitumia. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela baada ya kuambiwa waranti haihusiki, naomba aniambie alipitia njia gani, kupitia benki au alifanyaje.