Naomba ushauri: utafiti wa nyumba za zamani za wakulima

Wakuu habari zenu, nafanya utafiti wa nyumba za zamani za wakulima na maisha ya humo ndani, vyumba nimeshapima na ramani nimechora ila nimekwama kwenye mahojiano, maana wazee nikiwauliza mlikuwa mnaishije wananijibu kwa kifupi tu, lakini juzi nilimwonyesha bibi mmoja jiwe la kusagia lililolika katikati akaongea masaa mawili, nani alilala wapi, mbegu zilivyotundikwa juu ya moshi wadudu wasizile, yaani nilisisimka. Sasa nianze na vifaa ndo maswali yafuate? Na kurekodi sauti hakuwatishi? Skansen, makumbusho ya wazi ya nyumba za kale kule Uswidi, tangu 1891 wamehamishia kwao nyumba nzima nzima, mimi nina daftari na simu tu na kuta zinabomoka. Mliowahi kufanya hii kazi nisaidieni.