Ushauri wa haraka wakuu: niagize Labubu sasa hivi au nisubiri?

Kijana_wa_Mzigo (mtoa mada)
Habari zenu wakuu, naomba msinitukane, nipo njia panda. Mimi ni mtu wa kufuatilia habari za biashara, na tangu Pop Mart, ile kampuni ya midoli ya China, watangaze faida yao ya nusu ya kwanza ya 2025 imepanda karibu asilimia 400, kisa kikubwa hii midoli ya Labubu yenye masikio ya sungura na meno kama msumeno, akili haijatulia. Nimepata mtu China wa kunitolea mzigo kwa jumla. Mke ananiambia nisubiri kwanza, mimi naona nikisubiri wenzangu watakuwa wameshajaza soko. Waliowahi kuuza vitu vinavyovuma naomba mawazo. Mtaji upo.

Bwana_Hesabu
Hiyo faida ni ya Pop Mart mkuu, siyo yako. Wao ndio wanaamua lini wamwage mzigo na lini wakaushe soko. Juni 2025 walifungulia mzigo mwingi mtandaoni kule China, walanguzi waliokuwa wamejifungia na maboksi ndani bei zikawaporomokea, kampuni ikaendelea kuuza kama kawaida. Halafu kitu kikishafika kwenye taarifa za faida, ujue wa kwanza walishauza zamani. Swali: ni halisi au feki?

Dada_Mkavu
Mi nauliza tu, mtu mzima na akili zake ananing'iniza dubwasha la meno kwenye pochi anaenda nalo kazini?? Hata kama ni bure sichukui

Mzee_wa_Spina
Umenikumbusha 2017 ile midude ya kuzungusha vidoleni. Kila mtoto alikuwa anataka, nikasema hapa ndipo natoboa, nikaagiza maboksi. Mzigo uko njiani, walimu wakaanza kuipiga marufuku madarasani, unafika watoto wameshahamia kitu kingine. Ilinidodea mpaka leo wajukuu wakija nawagawia. Ila niseme ukweli, wale walioingia mapema mwaka ule walitengeneza hela, nilikuwa namjua mmoja, baadae akaoa mke wa pili, hiyo ni stori nyingine ndefu

Dada_Mkavu
Mzee tupe hiyo ya mke wa pili, ya midoli tumeielewa

Kijana_wa_Mzigo
@Bwana_Hesabu ni daraja la kwanza, ukiishika huwezi kutofautisha. Boksi tu ndo halina ile stika ya kuskani.

Bwana_Hesabu
Basi ni Lafufu, sema tu. Agosti 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hizo feki, zinanyofoka vipande vidogo, mtoto anaweza kukabwa. Forodha ya China yenyewe inazikamata zikiwa zinatoka. Mzigo ukizuiwa huko unamdai nani?
Na jambo lingine, umeandika "mtaji upo". Hujaandika "nina mtaji". Ni wa nani?

Kijana_wa_Mzigo
Mkuu tusitoke nje ya mada, swali langu ni la muda, sasa au baadae

Neema_ya_Asubuhi
Jibu swali mdogo wangu. Ni mkopo?

Kijana_wa_Mzigo
Siyo mkopo, mkopo una riba, mi siyo mjinga. Ni hela ya mama mkwe. Aliuza kiwanja akaniachia nimtunzie mpaka atakapoanza kujenga, ilikuwa imekaa tu. Sijaiba, nimeizungusha, na ikirudi na faida namwongezea na yeye. Na nusu nimeshatuma kwa yule mtu kwa hiyo kurudi nyuma siwezi, ndo maana nauliza niongeze nusu iliyobaki au vipi. Mke hajui chochote.

Dada_Mkavu
MAMA MKWE 😂😂😂 jamani nishikeni

Neema_ya_Asubuhi
Mimi sicheki. Amana ni amana hata ikikaa miaka kumi, hukupewa uizungushe. Ukalale ukijua mama wa watu anaota msingi wa nyumba na wewe umeugeuza midoli. Kamwambie leo, usitume hata senti nyingine.

Mzee_wa_Spina
Mama mkwe wangu mimi alikuwa anahesabu hela mbele yangu mara tatu ndo ananipa, nilikuwa naona ananidharau kumbe alikuwa ananijua

Fundi_Redio
Kuna mume na mke Las Vegas 1999 walikuwa wanaachana, wakaambiwa wagawane Beanie Babies zao, vile vidoli vya kitambaa vilivyovuma miaka ile, sakafuni mahakamani, mmoja mmoja, kama watoto. Walidhani ni utajiri. Mkuu wewe utagawana na mama mkwe, anza kujua unataka rangi gani

Jicho_Kavu
Subirini kwanza. Post ya kwanza mke "ananiambia nisubiri". Sasa hivi mke "hajui chochote". Ni mke yule yule? Akaunti yenyewe mpya, haina post nyingine yoyote. Hii ni chai, tena haina sukari. Nimeona hizi sana: mtu analia, anataja bidhaa, anataja "daraja la kwanza", watu wanajaa, kesho anakuja na "nimeupata mzigo, anayetaka aje inboksi".

Kijana_wa_Mzigo
Kaka unanikosea heshima. Mke anajua ya midoli, hajui ya hela. Ni vitu viwili tofauti. Na mimi siuzi kitu humu, sina hata hiyo midoli bado!!

Jicho_Kavu
Weka risiti ya kutuma hela, funika majina.

Kijana_wa_Mzigo
Siwezi kuweka mambo ya familia mtandaoni

Dada_Mkavu
Mama mkwe umemweka ila risiti ndo mambo ya familia, sawa

Bwana_Hesabu
Iwe chai isiwe chai, kuna mtu anasoma hapa yuko hivyo hivyo. Kama kweli umetuma nusu, hiyo nusu ihesabu imeenda, usitume nyingine kwenda kuiokoa.

Mpita_Njia88
Samahani nimechelewa, sijasoma zote. Mkuu katoni moja inakaa vipande vingapi? Na ukichukua kidogo anakubali? Nicheki inboksi

Jicho_Kavu
Wa kwanza huyo.

Neema_ya_Asubuhi
@Mpita_Njia88 hela ni ya kwako au ya nani?

Mpita_Njia88
Ya kwangu na dada yangu, kwa nini?