Naomba ushauri: meli imebadilisha utaratibu wa chakula, na kundi langu limeshalipa

Sitaha ya Pili (mleta uzi)

Wadau, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa muda mrefu, lakini safari hii limenifika la kunikosesha usingizi, na nimeona nisione aibu kuuliza.

Nimeratibu safari ya siku 7 kwa meli ya utalii ya gharama nafuu, kwa ajili ya kundi la ndugu na marafiki. Malipo ya mwisho yalikamilika wiki tatu zilizopita. Juzi kampuni yenye meli imenitumia barua pepe, mimi kama mratibu, ikieleza kwamba utaratibu wa chakula umebadilika. Meza ya kudumu, ile ambayo kundi hukaa pamoja kila jioni kwa saa ileile na kuhudumiwa na mtu yuleyule, imeondolewa. Sasa kila mtu ataomba nafasi kwa programu ya simu na kupangiwa meza itakayokuwa wazi. Menyu ya ukumbi mkuu imepunguzwa, sahani kuu kuanzia ya tatu italipiwa, bufe itafungwa mapema usiku, na chakula cha kuletewa chumbani, ambacho kilikuwa bure, kimewekewa tozo.

Ninachoomba kujua kwa wenye uzoefu ni kimoja tu: je, abiria wa kawaida huyajali mambo haya, au hununa siku ya kwanza na kuyasahau siku ya pili? Nawasilisha.

Mkia wa Nanga

Mkuu, hiyo ya sahani ya tatu isikusumbue, dawa yake ipo. Katika safari yangu ya mwisho tulikuwa mezani na mzee mmoja aliyekula supu na tunda tu, kwa hiyo kila jioni alibaki na haki ya sahani kuu mbili zisizo na mlaji. Kufikia usiku wa nne watu walikuwa wanamvutia kiti, wanamuuliza hali ya magoti yake na kugombea kukaa ubavuni pake. Tafuta mzee wa namna hiyo mapema, kabla hajachukuliwa na meza nyingine.

Mama Safari Tano

Mwanangu, sahani ya tatu ni jambo dogo. Kubwa hapo ni meza. Watu hudhani meza ya kudumu ni fahari za zamani, za kuvaa tai na kusubiri zamu ya kwanza au ya pili, kumbe faida yake ni kwamba mhudumu anakujua. Mume wangu ana mzio wa karanga. Katika safari tulizokuwa na meza yetu, mhudumu mkuu alikuja kila jioni wakati wa kitindamlo akiwa na menyu ya kesho, akaiweka mbele ya mume wangu pamoja na kalamu, wakaipitia mstari kwa mstari, na kesho yake sahani ya mume wangu ikapikwa pembeni. Kuanzia jioni ya pili hatukuhitaji kueleza tena. Safari ya mwisho, ambayo ilikuwa ya kuomba nafasi kwa simu, tulipata wahudumu sita kwa jioni saba, na kila mmoja tulianza naye upya. Mmoja wao alitusikiliza kwa upole mwingi, akaenda, akarudi na mchuzi ambao mume wangu aliunusa tu na kuusukuma mbali.

Je, katika kundi lako kuna mwenye mzio, au mwenye maradhi yenye masharti ya chakula?

Kiasi ni Afya

Binadamu ana sahani mbili mbele yake na bado analilia ya tatu. Tujifunze kuridhika, ndugu zangu. Bufe ikifungwa mapema, watu watalala mapema.

Jikoni Miaka Kumi na Moja

Naomba nisemee upande wa jikoni, kwa sababu abiria husoma barua ya namna hiyo wakaona uchoyo mtupu. Meli haina soko la jirani. Vyakula hupakiwa kwa wingi bandarini, siku ileile ambayo abiria waliomaliza safari wanashuka asubuhi na wapya wanapanda mchana, na kila jina linaloongezwa kwenye menyu ni maboksi mengine ya kutafutiwa nafasi katika chumba cha baridi. Usiku wa kamba-koche nimeona mtu mmoja akiagiza sahani tatu, akazipanga, akazipiga picha, akala mkia mmoja, na zilizobaki zikarudi kwetu kama zilivyotoka.

Zikirudi, hazitupwi ovyo. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, unaozuia meli kuchafua bahari, unaruhusu mabaki ya chakula kumwagwa baharini zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, au zaidi ya maili 3 ikiwa yamesagwa kiasi cha kupita kwenye tundu la milimita 25, na yapo maeneo ya bahari yenye masharti makali zaidi ya hayo. Kijana aliyekuwa zamu kwenye mashine ya kusagia ndiye aliyejua kuliko mpishi mkuu ni sahani zipi hazipendwi. Menyu fupi hupunguza kazi yake, na kwa kweli hata chakula hufika mezani kikiwa cha moto zaidi.

Lakini nisiwatetee mno. Meli zilisimama Machi 2020, kampuni zikaishi kwa mikopo mikubwa, na mteja wa meli nafuu hutazama nauli kabla ya kitu kingine chochote. Basi makato yakapelekwa mahali asipopatazama wakati wa kulipa.

Hesabu Kwanza

Naongezea kwamba mwelekeo huu si wa kampuni moja wala si wa mwaka huu. Kampuni ya meli za utalii ya Norwegian walianza kuachana na saa maalumu za kula mwaka 2000. Royal Caribbean waliweka tozo ya dola 7.95 kwa huduma ya chumbani mwaka 2017, wakiacha kifungua kinywa chepesi kiwe bure, na Carnival nao wakaja na dola 5 kwa sahani kuu kuanzia ya tatu. Watu walipiga kelele kila mara, na kila mara walirudi kununua tiketi. Mkataba wa abiria karibu kila mahali huipa kampuni ruhusa ya kubadili menyu na kumbi bila kurudisha fedha, kwa hiyo kudai fidia ya chakula ni kujichosha.

Hata hivyo kuna jambo moja halijakaa sawa katika maelezo yako. Umesema barua ilitumwa kwako kama mratibu. Wenzako wanajua? Na Mama Safari Tano amekuuliza kuhusu mzio, hujamjibu.

Sitaha ya Pili (mleta uzi)

Nawashukuru wote. Mama, ndiyo, yupo binamu yangu mwenye mzio wa kamba, kaa na jamii yao, lakini ni mtu mzima anayejua kujilinda, na menyu ina kuku na mboga.

Kuhusu wenzangu, bado sijawajulisha, na nina sababu. Kundi la watu wengi likipata habari nusu hushika moto, mmoja akisema haendi na watatu wanamfuata. Nilipoisoma barua ile nilikuwa bado nahangaika na salio la watu wawili, na sikuona busara ya kuongeza kuni. Binamu aliponiuliza kama tuna meza yetu, nilimjibu kwamba safari iko kama tulivyopanga, na hilo si uongo: tarehe ni ileile, meli ni ileile na vyumba ni vilevile. Nafikiri nitawaeleza tukishapanda, wakiwa wameshaiona bahari na hasira hazina nafasi. Nilichotaka kwenu ni kuhakikishiwa kwamba watazoea.

Hesabu Kwanza

Kundi lina watu wangapi, na wewe umelipa nauli kiasi gani? Nauliza kwa sababu katika safari za makundi kampuni nyingi humpa mratibu nafasi moja bure kwa kila abiria 16 wanaolipa nauli kamili.

Sitaha ya Pili (mleta uzi)

Sioni uhusiano wa swali hilo na chakula, ila nitajibu ili nisionekane nakwepa. Wanaolipa ni 16, na mimi ni wa 17. Nafasi yangu ni ya bure, ukiondoa kodi na ada za bandari. Utaratibu huo ni halali na wala si siri ya mtu. Kwa miezi minane nimekusanya pasipoti, nimefuatilia malipo, nimegawa vyumba na kusuluhisha ugomvi wa nani atalala na nani, na sikumtoza mtu hata senti moja. Kama kampuni imeona jasho langu linastahili kitanda, sielewi kwa nini nihukumiwe hapa.

Mkia wa Nanga

Kumbe yule mzee wa supu na tunda amepata mpinzani. Huyu hata sahani ya kwanza hajalipia.

Jicho la Mlingoti

Wadau, mnapoteza muda. Hii ni chai, tena haijakolea sukari. Rudini bandiko la kwanza: malipo yalikamilika wiki tatu zilizopita, na barua imekuja juzi. Kisha someni bandiko lake la pili: alipoisoma barua alikuwa bado anahangaika na salio la watu wawili. Salio gani hilo linalotafutwa juzi, ilhali malipo yalikamilika wiki tatu kabla? Pia kama wote walishalipa, wakighairi hasara ni yao, na anayekosa usingizi anakosa kwa lipi? Ama mwandishi ni wakala anayepima upepo kabla ya kuwatangazia wateja wake, ama ni mtu anayetunga huku akisahau alichotunga jana.

Kiasi ni Afya

Mimi nilihisi tangu mwanzo. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki kwa nukta na mkato namna ile.

Mama Safari Tano

Kuandika vizuri hakujawa kosa, mwanangu. Ila hilo la tarehe hata mimi limenigusa. Mleta uzi, barua ilifika lini?

Jikoni Miaka Kumi na Moja

Iwe chai au isiwe, nawaambieni jambo la mwenye mzio wa kamba. Mahali pa hatari kwake ni bufe: koleo la kuchotea kamba ndilo hilohilo mtu anaingiza kwenye wali wa pembeni, na hakuna mpishi anayeweza kusimama akilinda kila bakuli. Ukumbi mkuu ndio kimbilio lake, kwa kuwa sahani yake hutoka jikoni ikiwa na alama. Msimwambie kwamba atakula kuku tu na yameisha.

Sitaha ya Pili (mleta uzi)

Nimesoma yote, nikafunga simu, nikaifungua tena.

Barua haikuja juzi. Ilikuja siku tano kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho. Wakati huo wawili kati ya wale 16 walikuwa hawajamalizia, na mmoja wao ni binamu yangu, ambaye alitaka nimthibitishie habari ya meza kabla hajatoa fedha. Aliniuliza siku mbili baada ya barua kufika, nikamjibu kama nilivyokwisha kuandika hapo juu. Alilipa jioni ileile. Angejitoa yeye, wanaolipa wangebaki 15, na mimi ningelipa nauli yangu mwenyewe, ambayo sikuwa nayo na hata sasa sina.

Nilijiambia ni chakula tu. Bado sehemu yangu moja inaamini hivyo, maana hata Hesabu Kwanza amesema watu hulalamika na kurudi. Jicho la Mlingoti, ningependa kweli iwe chai.

Hesabu Kwanza

Niliandika hivyo kuhusu watu waliojua kabla ya kununua au waliokuta mabadiliko wakiwa melini. Huyu alikuuliza wewe, akalipa kwa jibu lako, na wakati huo dirisha la kujitoa kwa hasara ndogo lilikuwa bado wazi.

Sasa twende kwenye la kufanya. Baada ya malipo ya mwisho, faini ya kughairi hupanda kwa ngazi kadiri siku zinavyopungua, mpaka inafika mahali inameza nauli yote. Soma ngazi za mkataba wako leo, ujue upo wapi na inayofuata inaanza tarehe gani. Kila siku unayonyamaza inatoka mfukoni mwa binamu, kwa hiyo mpango wa kumweleza akishapanda ndio ulio mbaya kuliko yote. Kama atajitoa, faini yake uibebe wewe, hata kwa kulipa kidogo kidogo. Kama atabaki, taarifa ya mzio wake iandikwe kwa idara ya mahitaji maalumu ya kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, na siku ya kupanda aende mwenyewe kumwona mhudumu mkuu kabla ya mlo wa kwanza.

Mama Safari Tano

Nawe mwombe mhudumu mkuu huyo awapangie eneo moja kila jioni kwa saa moja mliyoizoea. Hata kwenye meli za kuomba nafasi kwa simu, sisi tuliwahi kukubaliwa tulipoomba siku ya kwanza, kwa adabu, kabla foleni haijajaa. Halafu mtengee binamu simu ya peke yake. Asiisome habari hii katikati ya vikatuni vya kundi.

Sitaha ya Pili (mleta uzi)

Nimeandika hivi, naomba mnisahihishie kabla sijampigia, maana nataka nisome nisije nikapotea njia katikati: "Binamu, hivi karibuni kampuni ilituarifu kwamba huenda utaratibu wa meza ukabadilika. Naomba radhi kwa kuchelewa kukueleza. Ukiamua kutokwenda, tutazungumza namna ya kusaidiana na gharama."

Jicho la Mlingoti

Bado sijakuamini sawasawa, lakini kwa faida ya binamu, kama yupo: toa "hivi karibuni" uweke tarehe. Toa "huenda", meza imeshaondolewa. "Ilituarifu" iwe "iliniarifu". Na "kusaidiana na gharama" ni maneno ya mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Andika kwamba faini utalipa wewe.

Sitaha ya Pili (mleta uzi)

Nimebadilisha yote manne. Hilo la mwisho nimeliandika mara tatu. Nampigia sasa.