Nimeuziwa kiboksi cha sensa ya MAP kama "nguvu", nilichopata ni moshi mweusi

Wakuu, nimekaa na hasira hii wiki nzima. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Gari ni Jeep Cherokee ya 1998, ile injini ya lita 4.0, silinda 6 za mstari. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliipanua ikafika lita 4.6 kwa kuweka krenkishafti ya ile injini ya zamani ya lita 4.2. Kompyuta ya injini akaiacha ileile ya kiwandani. Wanaoijua injini hii wanajua haina sensa ya kupima wingi wa hewa inayoingia. Kompyuta inakadiria tu, kwa kusoma mgandamizo ndani ya manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda), mizunguko ya injini na joto la hewa. Sasa injini imekua na kompyuta haina habari. Ukikanyaga mpaka mwisho ukiwa umebeba mzigo mlimani, mafuta hayatoshi na injini inaanza kugonga.

Dawa niliyouziwa ni kiboksi kinachokaa kwenye waya wa volti 5 unaoilisha sensa ya MAP, ile inayosoma huo mgandamizo wa manifodi. Ndani kuna kiskrubu kidogo cha shaba. Pandisha 5 iwe 5.3, na kila kinachotoka kwenye sensa kinapanda asilimia 6. Kompyuta inadhani injini imeelemewa, inamimina mafuta zaidi. Basi. Ni kuidanganya kompyuta, na uongo ukiupima vizuri unasaidia kweli. Sina ugomvi na kiboksi chenyewe.

Ugomvi wangu ni na aliyekiuza na aliyekifunga. Karatasi ya maelekezo ina ukurasa mmoja, na kuhusu kurekebisha imesema hivi tu: zungusha mpaka upate nguvu. Fundi naye akakata waya, akaunga kwa vile vibanio vya plastiki, eathi akaipiga kwenye bolti ya bodi yenye kutu. Kisha akawasha injini, akainamisha kichwa kama daktari, akazungusha skrubu huku anasikiliza. "Umesikia ilivyotulia?"

Ametulia nani! Injini ikiwa ya moto na hujakanyaga mpaka mwisho, kompyuta inafuata sensa ya oksijeni, ile inayorukaruka juu na chini ya volti 0.45, na inarudisha mchanganyiko kwenye 14.7 kwa 1, yaani hewa 14.7 kwa petroli 1. Wewe unatia chumvi, yenyewe inatia maji. Angezungusha mpaka kesho asingesikia kitu. Kinachorekebishwa hapo ni pale unapokanyaga mpaka mwisho, kompyuta inapoacha kuisikiliza sensa ya oksijeni. Sikio halifiki huko.

Nikaondoka nalo. Nilipounganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kompyuta ilikuwa imeshapunguza mafuta kwa asilimia 17 kwenye mwendo wa kawaida ili kujiokoa. Nikikanyaga, nyuma wingu jeusi. Nilifungua plagi ya kwanza, masizi makavu kama ya sufuria ya kuni, ukigusa kidole kinabaki cheusi. Nikachomoa stiki ya oili nikainusa: petroli.

Halafu ikaja taa ya injini. Nikiwa juu milimani haiwaki. Nikishuka bondeni, asubuhi ya kwanza tu nikifungua swichi, hiyo hapo: msimbo wa hitilafu P0108, volti za MAP ziko juu mno. Nikampigia fundi, akanijibu gari "limezoea baridi ya mlimani". Wakuu, nilikata simu nisije nikatukana mtu mzima.

Nikachukua multimita mwenyewe. Swichi ON, injini haijawaka: sensa inalishwa 5.42, inatoa 4.97. Kabla injini haijawaka, sensa hiyo inasoma hewa ya nje. Juu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo volti zinashuka na uongo unajificha. Ukirudi chini hewa inakuwa nzito, volti zinagonga dari, kompyuta inakataa. Kuzoea baridi kuko wapi hapo?

Nimeanza upya. Nimeirudisha 5.0 kamili, vibanio nimetupa, waya nimechomea kwa risasi, eathi nimeiunga kwenye waya wa eathi wa sensa yenyewe. Nimechomelea tundu kwenye ekzosi kabla ya masega (kile kisafisha moshi) na kuweka gauji yenye sensa ya oksijeni ya wigo mpana, maana ile ya kiwandani inajua "mengi" au "kidogo" tu, haijui kiasi gani. Gia ya tatu, mlima mrefu, mguu sakafuni, mwenzangu anasoma gauji. Shuka, zungusha robo, panda tena. Kwenye volti 5.18 nimepata 12.7 kwa 1 na haigongi tena. Ilinichukua asubuhi moja, tena kwa mtu asiye fundi.

Nilipomrudia muuzaji, akasema bidhaa ikishafungwa hairudishwi, na "tuning" ni juu ya mteja. Basi andika kwenye karatasi kwamba bila gauji mtu asiguse skrubu! Fundi yeye anataka nimlipe tena, abadilishe plagi alizoziua mwenyewe.

Plagi sita ziko hapa mezani nimezipanga. Oili nimemwaga jana. Masega bado sijayafungua, na kwa petroli yote iliyopita humo naogopa kuyafungua.