Kiambatisho cha Hume (1740): hizi kanuni mbili zinagombana wapi? Naomba msaada

Mchovu wa Semina
Habari zenu wakuu. Nina insha ya semina na nimekwama kwenye aya moja ya mwanafalsafa David Hume. Mwaka 1739, katika kitabu chake Treatise, anasema nafsi si kitu kimoja kinachodumu, ni fungu tu la hisia na mawazo yanayopokezana kwa kasi. Hapo sina neno. Mwaka uliofuata anatoa Kiambatisho cha kitabu hicho na kusema hoja ile sasa inamchanganya: kuna kanuni mbili asizoweza kuzipatanisha wala kuziacha. Ya kwanza, kila hisia au wazo linajitegemea. Ya pili, akili haioni kamwe muungano wa kweli kati ya vitu vinavyojitegemea. Jamani, mbona hizi zinakaa pamoja vizuri tu? Mwalimu anataka niseme tatizo la Hume ni lipi hasa.

Kijiwe Nongwa
Mwenye kitabu kashindwa, wewe unahangaika nini? Kalale.

Bi. Pambizo
Mpuuze huyo. Mkuu, ukiing'ang'ania sentensi hiyo peke yake hutoki. Soma iliyotangulia: anasema matumaini yake yote yanatoweka anapojaribu kueleza kinachounganisha hisia na mawazo yetu katika fahamu. Kisha soma zinazofuata: shida isingekuwepo kama hayo yote yangekaa ndani ya kitu kimoja kisichogawanyika, au kama akili ingeona muungano wa kweli kati yake. Kanuni ya kwanza imefunga mlango mmoja, ya pili imefunga wa pili. Kwa hiyo hazigombani zenyewe kwa zenyewe. Zinagombana na jambo la tatu, ambalo kwenye sentensi yako halijatajwa: kwamba hisia na mawazo yetu yameungana katika fahamu moja.

Msomaji wa Usiku
Naunga mkono, ila kazi ndiyo kwanza inaanza. Hume alishajibu kwamba mawazo huunganishwa kwa kufanana na kwa kusababishana. Kwa nini jibu hilo lisimtoshe tena? Usomaji ninaoupenda ni huu: chukua maumivu mawili yanayofanana kabisa, yako na yangu, kwa wakati uleule. Kwa Hume, kusababishana kunatambulika kwa kufanana, kutangulia na kukaribiana, na hisia nyingi kwake hazina mahali zilipo. Sasa utajuaje maumivu yapi ni ya fungu lipi?

Bi. Pambizo
Usomaji mzuri, lakini mfano huo haumo kwenye Kiambatisho. Mkuu, ukiutumia, sema wazi kwamba ni dhana ya msomaji, usimvalishe Hume.

Mchovu wa Semina
Asanteni sana. Naona insha itaanzia kwenye milango miwili. Na kile kitabu chake cha 1748, Enquiry? Humo mada ya nafsi haigusi tena. Naweza kusema alikata tamaa?

Bi. Pambizo
Sema hakuirudia. Kukata tamaa hakuandika popote humo.