Kadi ya EBT imekatwa, jirani ananiambia niende benki ya chakula. Nitalipa baadaye?

Mama Sifa:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tuko Phoenix, Marekani, tangu Oktoba 2024, tulitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mume anaosha vyombo hotelini, lakini kodi ya nyumba inameza karibu mshahara wote. Tulikuwa tunashikiliwa na kadi ya EBT, ile ya serikali ya kununulia chakula. Sasa imekuja barua: kwa sheria ya 2025, sisi wakimbizi ambao bado hatuna green card, kile kibali cha kuishi hapa daima, hatupewi tena.

Jirani yangu Mmexico kanionyesha kwa mikono niende "food bank". Mimi nikisikia benki najua mkopo. Kuna deni? Na haitaharibu faili yetu ya green card? Halafu niseme ukweli, naona aibu. Miaka kumi na tisa nimepanga foleni ya unga kambini, nilidhani nimeimaliza.

Baba Neema:
Pole sana Mama Sifa. Deni hakuna, hata senti.

Hilo neno benki limezaliwa hapa hapa Phoenix, mwaka 1967. Mzee mmoja, John van Hengel, alikuwa anajitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Inasimuliwa kwamba alikutana na mama wa watoto kumi aliyekuwa anaokota chakula kilichotupwa nyuma ya supamaketi, na ni huyo mama aliyemwambia pangekuwa na mahali watu wanaweka chakula kama wanavyoweka hela benki, mwenye shida anakuja kutoa. Parokia ya St. Mary's ikampa jengo lililoachwa na dola 3,000. Ndiyo hiyo St. Mary's Food Bank unayoiona 31st Avenue. Kwa hiyo aibu yako naielewa, ila wazo lenyewe lilitoka kwa mama mwenzako.

Mimi nilikuja 2016. Mara ya kwanza tulipokwenda, mke wangu na mimi tuliacha gari mbali, tukasukuma kigari cha mtoto juani. Tukakuta wenzetu wamekaa ndani ya magari, kiyoyozi kinavuma, wanafungua buti tu wanawekewa. Mpaka leo mke wangu ananicheka. Waliniuliza jina, anuani na idadi ya watu nyumbani, basi.

Siku hizi Jumamosi nyingine nakwenda kufunga maboksi. Malori yanaleta mikate ya jana, maziwa ambayo tarehe inakaribia, ndizi zilizoanza madoa. Serikali inaleta vitu vya kukaa, kama maharage na mchele. Wakati wa baridi yanakuja machungwa na mabalungi yaliyochumwa kwenye nyua za watu. Ghala hilo kubwa linagawia pia stoo ndogo za makanisa. Kama huna gari, piga simu 211, namba ya kuulizia misaada, uliza stoo iliyo karibu na basi lako na siku wanayofungua. Mwambie anayepokea simu akutafutie mkalimani wa Kiswahili.

Tarehe ya kwenye kopo isikutishe, mara nyingi ni ya ubora tu. Isipokuwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga: hayo tarehe ikipita, usimpe.

Chakula hiki hakitaharibu faili yako. Mkimbizi hapimwi kwa ile sheria ya "mzigo wa serikali", inayomnyima green card anayeonekana atategemea misaada, na kuchukua chakula hakuhesabiwi. Mwaka umeshapita tangu mfike, ombeni green card sasa. Mkiipata, rudini DES, ile ofisi ya misaada ya jimbo, muombe EBT upya. Una mtoto chini ya miaka mitano? Uliza WIC, msaada wa chakula wa akina mama na watoto wadogo, hiyo ni mlango mwingine kabisa.

Bi Zuhura:
Baba Neema kasema mengi, mie naongeza ya jikoni. Waislamu someni makopo ya maharage, mengine yana nguruwe ndani. Usichokula kirudishe pale pale, hakuna atakayenuna. Na ule unga wa masa wa Wamexico usiusongee ugali! Mahindi yake yamechemshwa na chokaa, utapata gundi. Tafuta unga mweupe wa kawaida.

Ila si kila mahali watakupokea vizuri. Stoo moja niliyokwenda mimi, mama wa kugawa alikuwa anatupigia kelele kama mbuzi, na mfuko ni ule ule uwe peke yako au mko wanane. Sikurudi. Nikapata nyingine mitaa mitatu mbele, tofauti kabisa.

Mama Sifa:
Aksanti sana wote. Jana nilienda stoo ya kanisa, basi moja tu. Nimepata mchele, maharage, kuku mzima wa barafu, vitunguu, na siagi ya karanga makopo mawili. Kuna mama wa Uvira anagawa pale, kaniita kwa Kiswahili mbele ya watu nikaanza kucheka. Wa watu sita haitafika mwisho wa mwezi, lakini wiki mbili hizi nimepumua.

Lile kopo lenye uji wa rangi ya chungwa ni nini? Watoto wamelikataa.

Baba Neema:
Boga lililosagwa. Sisi tulimpa mtoto tukidhani ni chakula cha watoto. Mpe mama mkwe, achanganye na hiyo karanga. Ila kwanza onja karanga: kama haina sukari, usiimalize, ibakishie sombe (kisamvu).